Namba moja, magari mawili: lipi ndilo lenyewe?

MFANYABIASHARA yeyote aliyewahi kuvusha gari mpakani anajua kuwa mbele ya ofisa wa forodha gari si rangi yake, wala matairi yake, wala uzuri wa viti vyake. Gari ni namba. Ofisa hufungua boneti, huinama na tochi, husoma herufi na tarakimu zilizogongwa kwenye chuma, kisha huzilinganisha na zile zilizoandikwa kwenye karatasi. Zikipishana hata tarakimu moja, safari imekwisha, na mwenye mali anaanza kutafuta mahali pa kulala.

Sasa, ndugu msomaji, lichukue tatizo hilo hilo ulipeleke Ulaya na Marekani, kwenye magari ya mashindano ya miaka ya 1920 hadi 1970. Gari moja limeuzwa kwa mamilioni ya dola kwa sababu ya namba iliyo kwenye fremu yake. Kisha anajitokeza mtu wa pili, katika nchi nyingine, na gari la pili lenye namba ile ile. Kila mmoja ana karatasi zake, mashahidi wake na wanasheria wake. Nani mkweli?

Mimi nimekulia mpakani na nimejaza fomu nyingi za magari ya watu. Nilipoanza kufuatilia mizozo hii ya wakubwa nilidhani nitakuta mambo ya kitajiri yasiyotuhusu. Nilichokuta ni forodha, kodi, magendo, vibati vya kufungua kwa bisibisi na mafundi wenye njaa. Yaani nilikuta mambo tunayoyafahamu.

Chuma chenye bei ya dhahabu

Tuanze na fedha, maana bila fedha hakuna ambaye angegombania namba. Mwezi Agosti 2018, katika mnada wa RM Sotheby's huko Monterey, California, gari aina ya Ferrari 250 GTO la mwaka 1962 liliuzwa kwa dola milioni 48.4. Miaka minne baadaye, Mei 2022, Mercedes-Benz 300 SLR ya mwaka 1955 iliuzwa mjini Stuttgart, Ujerumani, kwa euro milioni 135. Hakuna gari lililowahi kuuzwa mnadani kwa fedha nyingi kama hizo kabla ya siku hiyo.

Ferrari 250 GTO yalitengenezwa machache mno, hayafiki 40. Miaka hiyo hiyo kiwanda hicho kilitengeneza gari la kifamilia la viti vinne lililoitwa 250 GTE, na hayo yalizidi 900. Injini zao ni ndugu wa karibu. Kwa hiyo katika miaka iliyofuata wapo mafundi waliochukua GTE iliyochakaa, wakaikata bodi, wakafupisha fremu na kuivika umbo la GTO. Ukiiona barabarani huwezi kutofautisha. Ukiisikia ikinguruma ndiyo kabisa. Lakini moja ina bei ya nyumba, nyingine ina bei ya mtaa mzima.

Tofauti hiyo yote inabebwa na jambo moja: je, chuma hiki ndicho kilichokuwapo siku ile, kikiendeshwa na dereva yule, kwenye mashindano yale? Namba ndiyo inayojibu, au ndiyo inayodanganya.

Kwa nini namba zilihama

Msomaji anaweza kufikiri kuwa namba zilibadilishwa na wezi peke yao. Sivyo. Mara nyingi waliozibadilisha ni wenye magari wenyewe, tena hadharani, na hawakuona kosa lolote.

Kwanza, gari la mashindano lilikuwa chombo cha kazi, kama jembe. Hakuna fundi wa timu ya Maserati au Lotus wa miaka ya 1950 na 1960 aliyewaza kuwa iko siku mtu atauliza fremu ipi ilikuwa Monaco na ipi ilikuwa Monza. Gari lilipogongwa Jumapili, lilitakiwa liwe tayari Jumapili inayofuata. Fremu iliyopinda ilitupwa, mpya ikaletwa, injini ikahamishwa kutoka gari jingine, na kibati cha namba kikafuata mahali kilipohitajika. Magari ya Maserati 250F, ambayo Juan Manuel Fangio alitumia kuutwaa ubingwa wa dunia mwaka 1957, yanajulikana kwa kuwaumiza vichwa wanahistoria kwa sababu kiwandani Modena gari la zamani liliweza kutoka na namba mpya, na gari jipya likatoka na namba ya zamani.

Pili, na hapa wasomaji wetu wa mpakani watatabasamu, ni forodha. Zama hizo kila nchi ya Ulaya ilikuwa na mpaka wake na kizuizi chake. Timu iliyotoka Uingereza kwenda Ufaransa, kisha Italia, ilibeba kitabu cha forodha cha kuvusha gari kwa muda, kinachoahidi kuwa gari lililoingia litatoka. Ndani ya kitabu iliandikwa namba ya fremu na namba ya injini. Gari lisipotoka, mwenyewe anadaiwa ushuru kamili kana kwamba ameliuza.

Basi ikitokea gari lenye namba 5 limeharibika na lenye namba 7 ndilo zima, lakini kitabu kimeandikwa namba 5, kuomba kitabu kipya ni kazi ya siku nyingi na mashindano ni Jumapili. Fundi anachukua bisibisi, anafungua kibati cha namba 5 na kukifunga kwenye gari namba 7. Ofisa anasoma, anagonga muhuri, lori linapita. Mwaka unapokwisha, vitabu vya mashindano vinaandika kuwa namba 5 ilikimbia kote huko, wakati yenyewe ilikuwa imelala gereji bila magurudumu.

Tatu, ni kodi. Nchini Uingereza wakati huo gari jipya lililokamilika lilitozwa kodi ya ununuzi, lakini gari lililouzwa vipande vipande ili mnunuzi alifunge mwenyewe lilikwepa kodi hiyo. Lotus iliuza mengi kwa njia hiyo. Kadhalika, kukarabati gari la zamani ni nafuu kuliko kusajili jipya. Hivyo gari jipya kabisa liliweza kuandikwa kama lile la zamani lililofanyiwa matengenezo. Karatasi ilisema ukweli mmoja, chuma kikasema mwingine.

Bodi mpya, namba ya zamani

Kwenye mashindano ya rali mambo yalikuwa hivyo hivyo. Timu ya BMC iliyokuwa na karakana yake Abingdon, Uingereza, ndiyo iliyovipa sifa vigari vidogo vya Mini kwa kushinda Monte Carlo mwaka 1964, 1965 na 1967. Wanaoifuatilia timu hiyo wanajua kuwa bodi zilibadilishwa mara kwa mara huku namba ya usajili ikibaki ile ile. Gari lilirudi limepondeka, bodi mpya ikavikwa vifaa vya ile ya zamani, na kadi ya gari ikaendelea kutumika kama vile hakuna kilichotokea.

Sisi tuliolelewa na vumbi la Safari Rally hatupaswi kushangaa. Mashindano hayo yaliyoanza mwaka 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, yalivunja magari kiasi kwamba lililofika mwisho halikuwa tena lile lililoondoka. Vioo, springi, milango na hata vipande vya bodi vilibaki njiani. Tangu mwaka 2003 yamekuwapo pia mashindano ya magari ya zamani ya Safari hapa Afrika Mashariki, na kila gari la kale linalodaiwa kuwa lilikimbia Safari linakutana na swali lile lile: ni lenyewe, au ni ndugu yake aliyevaa namba yake?

Kesi ya Bentley

Kesi iliyonifanya nikae chini na kufikiri ni ile ya Bentley Speed Six inayoitwa Old Number One.

Gari hili lilishinda saa 24 za Le Mans, Ufaransa, mwaka 1929 likiendeshwa na Woolf Barnato na Tim Birkin, kisha likashinda tena mwaka 1930 likiendeshwa na Barnato na Glen Kidston. Barnato alikuwa mwenyekiti wa kampuni ya Bentley, na utajiri wake ulianzia hapa barani kwetu: baba yake, Barney Barnato, alitajirikia kwenye migodi ya almasi ya Kimberley, Afrika Kusini.

Baada ya Le Mans gari halikuwekwa kwenye kioo. Liliendelea na kazi katika uwanja wa Brooklands, Uingereza, ambao kingo zake zilikuwa zimeinuliwa kama ukuta. Lilibadilishwa fremu, likabadilishwa injini, likawekewa ile kubwa ya lita nane. Septemba 1932, katika mashindano ya maili 500, dereva Clive Dunfee alipanda juu mno kwenye ukingo, gari likavuka na kuangukia upande wa pili. Dunfee alikufa. Mabaki yalichukuliwa, yakajengwa upya na kuvikwa bodi ya gari la kawaida la barabarani kwa ajili ya Barnato.

Miaka ilipita. Mmiliki wa baadaye, Edward Hubbard, alilirudishia sura yake ya mashindano, na mwaka 1990 akaafikiana na kampuni ya Middlebridge Scimitar kuliuza kwa paundi milioni 10. Kisha mnunuzi akasita. Alidai kuwa hilo si Old Number One, kwani sehemu zilizokuwa Le Mans zilikwisha kutoweka zamani. Shauri likaenda Mahakama Kuu mjini London mbele ya Jaji Otton.

Wataalamu waliitwa kupima chuma kipande kwa kipande, na matokeo yalikuwa ya kusikitisha kwa muuzaji. Kwa gari la mwaka 1929 hakikupatikana kitu cha maana kinachoweza kuthibitishwa. Kwa gari la mwaka 1930 vilibaki ganda la giaboksi, mhimili wa usukani na mhimili wa pedali. Kwa lile lililomuua Dunfee mwaka 1932 ilibaki fremu.

Kwa hesabu za sokoni ungesema muuzaji ameshindwa. Lakini Julai 1990 jaji aliamua kwa upande wa Hubbard. Alikubali kuwa gari si la asili kwa maana ya kubaki na vyuma vyake vya kwanza. Hata hivyo, aliona kuwa halikuwahi kufa na kufufuliwa. Kila badiliko lilifanyika juu ya gari lililokuwapo, hatua kwa hatua, mbele ya macho ya watu, na hakuna Bentley nyingine duniani inayoweza kudai jina hilo kihalali. Kilichouzwa, kwa mtazamo wake, kilikuwa historia na sifa pamoja na chuma. Mnunuzi akatakiwa kutimiza mapatano.

Nimeirudia hukumu hiyo mara nyingi kichwani. Mchuuzi wa mpakani mwenye baiskeli anaielewa bila wakili. Amebadilisha matairi, mnyororo, tandiko, usukani, na mwaka juzi fremu ilipokatika akaibadilisha pia. Ukimuuliza atakwambia ni baiskeli ile ile iliyosomesha watoto wake. Na hasemi uongo, kwa sababu hakuna siku hata moja ambayo baiskeli hiyo ilikoma kuwapo.

Lakini tuseme jirani yake aliokota ile fremu iliyokatika, akaichomelea, akaifunga vifaa vipya, kisha akasema yeye ndiye mwenye baiskeli ya kwanza. Hapo ndipo ugomvi unapoanza, na hapo ndipo magari mengi ya mashindano yalipo leo.

Gari moja linapozaa mawili

Jaguar D-Type, lililoshinda Le Mans mwaka 1955, 1956 na 1957, ni mfano mzuri. Gari hili lilijengwa kwa sehemu mbili kuu: kiwiliwili cha kati, na fremu ya mbele inayobeba injini. Namba iligongwa kwenye sehemu zote mbili. Gari likigongwa, gereji iliweza kuondoa fremu ya mbele na kufunga nyingine. Ile iliyotolewa ikatupwa pembeni.

Bei zilipopanda, vilivyotupwa vikatafutwa. Aliyekuwa na fremu ya mbele yenye namba halisi alitengenezewa kiwiliwili kipya. Aliyekuwa na kiwiliwili halisi alitengenezewa fremu mpya. Magari mawili, namba moja, na kila mmoja ana kipande cha ukweli mkononi. Wapo waliomaliza ugomvi kwa njia moja tu: mtu mmoja ananunua yote mawili, anayafungua, anavirudisha vipande vya asili mahali pamoja. Ni suluhu ya gharama, lakini haihitaji jaji.

Mengine hayajapata suluhu. Ferrari 330 P3/4 yenye namba 0846 ilishinda saa 24 za Daytona, Marekani, mwaka 1967, na mwaka huo huo ikashika moto Le Mans. Kwa msimamo wa Ferrari, gari hilo lilivunjwa na halipo tena. Mmarekani James Glickenhaus, aliyenunua gari mwaka 2000 kama nakala, alilichunguza na kufikia imani kuwa ndani yake imo fremu ya 0846. Kiwanda kinasema marehemu, mmiliki anasema yuko hai gereji kwake. Mtu wa kawaida hawezi kusema mwenye mali hajui mali yake, wala kusema aliyeizaa haijui.

Hata kiwanda chenyewe kinaweza kuvika gari nguo za jingine. Mwezi Aprili 1969 Porsche ilipanga magari 25 ya aina ya 917 mbele ya wakaguzi kuonyesha kuwa idadi iliyotakiwa imetimia. La kwanza kati ya hayo, 917-001, baadaye lilipakwa rangi nyekundu na nyeupe kama lile lililoipa Porsche ushindi wake wa kwanza wa jumla Le Mans mwaka 1970, na likakaa na sura hiyo kwa miaka mingi. Mwaka 2019, 917 ilipotimiza miaka 50, lilirudishiwa umbo na rangi zake za kuzaliwa. Hapakuwa na wizi hapo, kwani kiwanda kilijua namba yake. Ila mtazamaji aliyepiga picha aliondoka akiamini ameona mshindi.

Karatasi bila gari

Upande wa pili wa shilingi ni karatasi zinazotafuta gari. Mwaka 1993 gazeti la Los Angeles Times liliandika habari za Carroll Shelby, mtu mashuhuri aliyeunda magari ya Cobra miaka ya 1960. Shelby alikuwa amepata hati za umiliki kutoka mamlaka ya magari ya California kwa fremu zaidi ya 40 zilizoelezwa kuwa ni masalio ya miaka ya 1960. Gazeti likaeleza kuwa fremu zilikuwa zimetengenezwa upya miaka hiyo ya 1990. Namba zilikuwa za kweli, kwa maana kwamba zilitengwa zamani kiwandani. Kilichokosekana ni chuma cha umri huo.

Wajerumani nao walipata yao. Mwaka 1945, baada ya vita, Warusi waliyachukua magari ya mashindano ya Auto Union kutoka Zwickau kama sehemu ya fidia. Yalitawanyika katika Urusi ya Kisovieti, mengine yakakatwa. Miaka mingi baadaye Mmarekani Paul Karassik alikusanya vipande, akavitoa huko na kuvipeleka Uingereza vikajengwe upya. Mwanzoni mwa mwaka 2007 Christie's ilikuwa tayari kupiga mnada mjini Paris gari la Auto Union Type D la mwaka 1939, na lilitarajiwa kuvunja rekodi za bei. Kabla ya siku kufika, gari liliondolewa mnadani. Utafiti zaidi uliibua maswali juu ya utambulisho wake na mashindano liliyokimbia. Chuma kilikuwa cha kweli, Auto Union tupu. Lakini kuwa mtoto wa ukoo si sawa na kuwa yule mtoto anayetajwa.

Wanaosoma chuma

Mwandishi Mwingereza Denis Jenkinson, aliyekaa pembeni ya Stirling Moss akisoma ramani waliposhinda Mille Miglia ya Italia mwaka 1955, aliona vurugu hii ikikua. Mwaka 1987 alitoa kitabu kilichojaribu kuweka magari ya kale katika mafungu. Liko gari la asili, ambalo halijaguswa sana. Liko gari halali, ambalo limebadilishwa vitu katika kazi zake lakini maisha yake hayakukatika. Liko lililofufuliwa kutoka mabaki machache, lililojengwa upya kuzunguka kipande kimoja, na nakala lililotengenezwa jana kwa mfano wa juzi. Alisisitiza kuwa hakuna dhambi kumiliki nakala. Dhambi ni kuiita jina lisilo lake.

Siku hizi wapo wataalamu ambao kazi yao ni kusoma chuma kama mganga anavyosoma mapigo ya moyo. Wanaangalia umbo la tarakimu, kwani kila kiwanda kilikuwa na seti yake ya vyuma vya kugongea, na namba 3 ya kiwanda kimoja haifanani na ya kingine. Wanajua kuwa kugonga namba hubana chuma hadi chini ya kinachoonekana. Mtu akisaga namba ya zamani na kugonga mpya juu yake, alama ya kwanza hubaki ndani na inaweza kuonekana tena kwa asidi au kwa vipimo vya sumaku. Wanachunguza uchomeleaji, ribiti na tabaka za rangi. Kisha wanachukua picha za zamani na kutafuta kasoro ndogo: ribiti iliyokaa kombo, tundu lililotobolewa vibaya na fundi mwenye haraka. Mghushi huiga uzuri wa gari. Ni nadra kukumbuka kuiga kasoro zake.

Vipo pia vyeti. Shirikisho la kimataifa la magari, FIA, hutoa pasi ya kiufundi kwa magari ya kihistoria yanayoshindana. Lakini pasi hiyo inathibitisha kuwa gari limejengwa kwa vipimo vya wakati wake. Haithibitishi kuwa ndilo lililoshinda mwaka fulani. Mnunuzi asiyesoma maandishi hudhani amepewa cheti cha kuzaliwa kumbe amepewa cheti cha afya.

Funzo letu

Wasomaji waliorudi nyumbani baada ya miaka mingi ugenini hawahitaji kufafanuliwa jambo hili. Wanajua maana ya kuulizwa wewe ni nani wakati kadi imeandikwa jina moja na wazee wa kijiji wanakujua kwa jingine. Jina lilibadilika njiani kwa sababu mwandishi wa kambini alisikia vibaya, au kwa sababu mpaka ule haukuruhusu jina lile. Wengi waliobadilisha hawakuwa wadanganyifu. Walitaka kupita, kama yule fundi na bisibisi yake. Lakini swali huja baadaye, penye shamba au urithi, na hapo mwenye kuokoka ni yule ambaye maisha yake yana mashahidi hatua kwa hatua.

Kwa wafanyabiashara, funzo ni la mfukoni. Gari la mtumba kutoka Japani kwa kawaida lina namba fupi ya fremu: herufi na tarakimu za modeli, kistari, kisha tarakimu zake. Magari yaliyotengenezwa kwa masoko mengine mengi yana namba ndefu ya herufi na tarakimu 17. Namba ndefu kwenye gari unaloambiwa limetoka moja kwa moja kwenye soko la Japani ni sababu ya kuuliza maswali. Usitosheke na kibati, kwani kibati hufunguliwa. Tafuta namba iliyogongwa kwenye chuma chenyewe, ipapase kwa kidole. Chuma kilichosagwa huwa chembamba na laini kuliko jirani yake, na rangi mpya mahali pamoja tu haikupakwa bure. Linganisha na karatasi ya asili ya kuuzia nje, si nakala ya nakala.

Zaidi ya yote, muulize muuzaji gari limepita wapi tangu lilipoteremshwa bandarini, kwa nani, kwa tarehe gani, na akupe karatasi ya kila hatua. Jaji wa London alipokosa vyuma vya mwaka 1929 alishika mnyororo wa historia, na mnyororo haukukatika. Gari unalolipia mtaji wako wote nalo lina mnyororo wake. Pete moja ikikosekana, acha fedha zako mfukoni hadi ipatikane.